Bibi Aliyeniuliza Ubavu

Usinicheke kwanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Bukoba mjini, na sikuwa na homa wala sikuwa nimekunywa kitu. Nilikuwa na njaa tu, maana siku ya usaili chakula hakipiti.

Nilikuwa muuguzi katika kituo cha kutunzia wazee kule Muleba, jirani na Izigo. Kazi yangu yote niliifanyia pale: kulisha, kuogesha, kuwageuza wasioweza kujigeuza. Hospitali moja ya Bukoba ilipotangaza nafasi, niliitaka kupita kiasi. Lakini niliogopa. Waombaji wenzangu walikuwa wanatoka wodi za dharura, mimi ningesema nini? Kwamba najua kumbembeleza mzee mpaka amalize uji? Wiki nzima nikameza madaftari ya chuo: presha, mapigo, dawa za mshtuko.

Nilifika mapema, mvua inanyesha, kwenye benchi hakuna mtu. Mlango mmoja ukafunguka kidogo, sauti ikaniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo sikuliandika kwenye maombi. Ningeshtuka, sivyo? Wala. Nilidhani ni mtu wa kwetu Izimbya.

Ndani alikaa bibi mmoja, kajifunga kanga safi, anatafuna buni za kahawa taratibu, kama wazee wa kwetu. Nikasahau usaili, nikapiga goti kumsalimia kama tulivyolelewa.

"Baki hapo hapo," akasema. "Ta Rwiza analalia ubavu gani?"

Ta Rwiza ni mzee wetu wa kituoni. Kamjulia wapi? Lakini ulimi ulishatangulia, kwa adabu ya kwetu: "Wa kulia, waitu. Wa kushoto una kidonda, ndiyo kwanza kinapona."

"Na Ma Koku?"

"Yule halalii ubavu. Anaegemea mito miwili, la sivyo pumzi inambana."

Akauliza na wengine, nikajibu wote. Niamini, nilikuwa nafurahia! Sijawahi kuulizwa mambo ninayoyajua namna ile. Kisha akaacha kutafuna.

"Na mama yako?"

Mama yangu mzazi, anaishi Izimbya peke yake na migomba yake, na sikujua analala vipi. Niliona aibu kweli.

"Kamuulize," akasema.

Nikatoka. Karani ndiyo kwanza alikuwa anafika, anakung'uta mwavuli. "Dada, umetokea wapi? Hicho ni chumba cha vitanda vibovu."

Akausukuma mlango. Vitanda vilikuwa vimerundikwa hadi darini, hata pa kusimama hapakuwapo. Nikatazama magoti yangu: yamejaa vumbi. Harufu ya kahawa ilikuwapo bado, na karani aliisikia, maana alivuta pua mara mbili.

Usaili wenyewe? Nilijibu kwa utulivu ulionishangaza. Waliponiuliza nimejifunza nini kwa wazee, niliwaeleza hayo ya kulala, basi. Nilitaka tu kutoka nikampigie mama simu.

"Nalalia wa kulia," mama akajibu, anacheka. "Huu wa kushoto unaniuma tangu msimu wa kahawa. Sikutaka kukusumbua, mwanangu, una usaili wako."

Kazi niliipata. Mama naye tulimleta hospitali ile ile, wakamtoa uvimbe ubavuni, na daktari akatuambia tungechelewa yangekuwa mengine. Leo anapalilia migomba yake, na nikimkataza ananigombeza.

Bibi yule sijamwona tena, na si kwamba sijamtafuta. Nimeuliza wafagiaji, walinzi, wauguzi wa zamani. Hakuna anayemjua. Alikuwa nani, na mama yangu alimhusu nini? Ila siku nyingine, nikiinama juu ya kitanda cha mgonjwa, nasikia harufu ya kahawa iliyotafunwa. Hapo nawageukia ndugu zake upesi na kuwauliza swali lile. Wengi wanatazamana.

Na wewe unayenisoma, una mzee nyumbani? Analalia ubavu gani? Usinijibu mimi. Kamuulize leo, kabla bibi yule hajakuita kwa jina lako la nyumbani kwenye chumba kile.