Bibi Efrazia Kwenye Ukuta wa Mashine

Gaudensia, jirani yangu hapa Endagikot, hapeleki tena mahindi mashineni kwa Modest. Watu husema ana kiburi. Mimi nimekaa naye jumuiya moja tangu tukiwa mabinti, kiburi hana. Ana mama yake kwenye ukuta.

Mama huyo, Bibi Efrazia, alifariki mwaka juzi. Siku ya jubilei ya parokia, akiwa mzee sana, alivaa sketi yake ya ngozi yenye shanga, na juu blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka shingoni. Vijana wakampiga picha kwa simu. Modest akaipata. Alipojenga upya banda la mashine alimleta fundi kutoka Katesh, akamchora bibi ukuta mzima, anatwanga. Sura ni yake kabisa, hata kovu la kidevuni. Ila blauzi fundi ameiondoa.

Gaudensia alimkuta mama yake hapo ukutani siku aliyokuja amejitwisha debe la mahindi. Akalitua.

"Shikamoo mama," Modest alimwamkia. "Umemwona bibi yetu?"

"Marahaba. Mwanangu, mbona umemvua nguo?"

"Ah, mama, huo si utamaduni? Zamani walikaa hivyo. Wageni wanasimama, wanapiga picha."

"Mama yangu hakukaa hivyo mbele yako. Mfunike. Rangi nitaleta mimi."

"Ukuta ni wangu, mama. Anayeona vibaya afumbe macho, asage."

Vijana waliokalia magunia wakacheka. Mmoja akaenda akaweka kiganja kifuani pa bibi. "Modest, nipige na mchumba!"

Wanawake wa jumuiya tulikasirika kweli. Hilda, mwenyekiti wetu, alisimama akasema hakuna debe letu litakaloingia pale mpaka bibi avikwe. Tukawa tunakwenda kusaga Tlawi, kijiji cha mbali. Modest alishinda mlangoni hana mteja, ila hao wa picha, ambao hawasagi kitu. Tukasema huyu atapaka rangi tu.

Mvua zikaanza, njia ikawa utelezi. Wa kwanza kurudi kwa Modest alisema mtoto anaumwa. Mwingine, punda anachechemea. Waliingia kwa mlango wa nyuma, wakatoka wameinamisha vichwa, unga kwenye nyusi. Baadaye hata mlango wa nyuma wakauacha, wakapita wa mbele.

Mwezi uliopita Gaudensia alimwombea mama yake misa ya kumbukumbu. Wanawake wakaja nyumbani na unga kwenye mabeseni, ndivyo tunavyosaidiana. Mimi nilileta maharage. Alipokea beseni la Hilda, akauliza polepole, "Dada, huu umesaga wapi?"

Hilda akatazama kuku uani. "Gauda, na wewe! Unga ni unga."

"Siwezi kuwalisha watu wa mama unga huo."

Akayarudisha mabeseni yote, moja moja, bila kugombana. Akapakua makande, mahindi mazima na maharage. Ndicho chakula chake siku zote sasa, na meno yenyewe yamebaki machache. Wageni walikula wakasifu, Hilda akaongezewa mara mbili. Kisha wakajitwisha unga wao wakateremka, tukawasikia wakicheka njiani.

Tukiwa tunasugua masufuria aliniuliza, "Angekuwa mama yake Hilda pale ukutani, mimi ningerudi kwa Modest lini?"

"Usingerudi," nilimwambia.

"Na wao walisema hivyo," akajibu, akamwaga maji machafu.