Picha za Harusi Ambazo Hazikutoka

Mama alivunjika mguu wiki tano kabla ya harusi yangu. Aliteleza akipanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani, na hospitali ya misheni ikamfunga plasta kutoka kwenye paja hadi kwenye vidole. Kaka yangu ndiye aliyeniletea habari hizo Nairobi. Alisafiri usiku kucha kutoka kwetu upande wa Kakamega, akanikuta jikoni Spring Valley, mahali nilipokuwa yaya, nikimchemshia mtoto wa wenyewe maziwa.

"Mama amesema harusi isisimame kwa ajili yake," aliniambia. "Lakini anataka picha. Anasema asipoona picha, atajuaje kama umeolewa ama umechukuliwa tu?"

Nilicheka, halafu nikageukia jiko ili asione macho yangu.

Mchumba wangu alikuwa seremala katika karakana moja ya Industrial Area. Mtu wa Machakos, mrefu, mwenye maneno machache. Tulijuana kanisani Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, kwa sababu shangazi yangu alikuwa amepanga chumba huko kwenye shamba la mzee mmoja Mkikuyu, nami Jumapili zangu za mapumziko nilizimalizia kwake. Wazee wetu walikuwa wameshakutana nyumbani, mahari imezungumzwa, kila mtu ameridhika. Lililobaki lilikuwa kanisa, na kwa kuwa yeye alipewa ruhusa ya Jumamosi moja tu kazini, tukakubaliana tufungie ndoa hapo hapo Mutuini. Shangazi angekaa mahali pa mama.

Kila kitu kingine tulikuwa tumekipata kwa kubahatisha. Gauni lilikuwa la wanakwaya. Lilinunuliwa na msichana mmoja miaka miwili nyuma, likawa linazunguka kutoka kwa bibi harusi mmoja hadi kwa mwingine, likipunguzwa hapa na kuachiliwa pale. Keki aliahidi kuniokea mpishi wa nyumba niliyofanyia kazi. Wanawake wa kanisa walijigawia sufuria. Picha peke yake ndiyo hatukuwa na mtu wa kumwomba.

Jumamosi moja mchana, alipotoka kazini, tulikwenda mjini kutafuta. Tulianza Government Road, kwenye studio yenye kioo kikubwa, ndani yake bibi harusi wa Kizungu ameinamisha kichwa juu ya maua. Karani aliyevaa miwani alituuliza tunataka picha za kanisani, za nyumbani, au za karamu. Mchumba wangu aliuliza bei ya za kanisani. Karani akaitaja bila kuinua macho. Ilikaribia kodi ya nusu mwaka ya chumba tulichotarajia kuishi.

"Asante, tutarudi," alisema mchumba wangu, kwa heshima ya mtu ambaye hatarudi.

Kutoka hapo tuliteremka River Road. Juu ya duka la vitambaa kulikuwa na studio ya mzee mmoja wa Kihindi, ngazi zake nyembamba kiasi kwamba tulipanda mmoja nyuma ya mwenzake. Bei yake ilikuwa ya binadamu. Lakini alitikisa kichwa tulipomwambia Mutuini.

"Jumamosi siwezi kufunga duka," alisema. "Nyinyi tokeni kanisani, njooni hapa. Nitawapiga moja, nzuri, mpaka wajukuu wataiona."

Tulishuka ngazi tukiwaza jinsi ya kumtoa bibi harusi Mutuini hadi River Road na kumrudisha, bila gari, huku wageni wakingoja chakula. Haikuwezekana. Tukapita bustani ya Jivanjee, walikosimama wapiga picha wa kutembea, kamera zikining'inia shingoni. Mmoja alikubali kuja, ila alitaka nusu ya malipo mkononi. Mchumba wangu alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akamwambia tutafikiria.

"Kwa nini umemkataa?" nilimuuliza tulipokuwa tukivuka barabara.

"Asipokuja, nitamtafuta wapi? Chini ya mti gani?"

Tulirudi mikono mitupu, miguu ikiniuma kwa viatu nilivyovaa ili watu wa studio wasitudharau. Ni jambo la ajabu, lakini nikiikumbuka Nairobi ya siku zile, naikumbuka kwa mchana ule: jinsi barabara zilivyokuwa na nafasi, jinsi tulivyoweza kusimama mbele ya kioo cha duka bila mtu kutusukuma, na jinsi yule mwanamume wa maneno machache alivyonishika kiwiko kila tulipovuka, kama kwamba magari yote yalikuwa yamekuja kwa ajili yangu.

Siku tatu baadaye akaja na habari njema. Karani wa karakana yao, rafiki yake wa chakula cha mchana, alikuwa na binamu mwenye kamera. Huyo karani angeiazima, na kutupiga picha ndiyo ingekuwa zawadi yake. Sisi tungenunua filamu tu.

"Anajua kuitumia?" nilimuuliza.

"Anasema ni kubonyeza."

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka na kuacha njia za Mutuini ziking'aa kwa matope. Shangazi alikuwa amenunua kofia ya kijani yenye unyoya, akaishikilia kwa mkono mmoja njia nzima, mkono wa pili akiinua pindo la gauni langu. Mlangoni mwa kanisa tulimkuta mpiga picha wetu. Shati jeupe, tai, na kamera katika mfuko wa ngozi uliopakwa rangi ya viatu.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa bidii namna ile. Alipiga magoti kwenye matope. Alipanda juu ya benchi. Alilala kifudifudi kwenye nyasi ili atupate sisi na msalaba wa juu ya paa pamoja. Pete ilipovishwa, alimwomba pasta irudiwe, na pasta, ambaye hakuwa mtu wa kuamrishwa, akarudia. "Usipepese macho, bibi harusi!" alikuwa akisema. "Moja tena. Shangazi, sogea, kofia inakula watu." Kila aliyetaka kupigwa alipigwa: kwaya, wapishi na miiko yao, mzee mwenye shamba na fimbo yake, kaka yangu amesimama wima kama askari. Mimi kila nilipomwona akiinua ile kamera nilimwona mama, mguu juu ya mto, akipokea bahasha. Nilijinyoosha mgongo kwa ajili yake. Nilipoagana na shangazi nililia, kama inavyopasa, na nikamsikia rafiki yetu akibonyeza.

Wiki mbili zilipita. Kaka yangu aliandika kwamba mama anauliza. Jioni moja, mimi nikiwa nimepata ruhusa ya kulala nyumbani, tuliona mtu amesimama mlangoni pa chumba chetu, habishi hodi. Alikuwa ni yule mpiga picha wetu. Mume wangu alimkaribisha, akakataa kuketi. Nilimpa chai, akaikataa pia. Alitoa bahasha mfukoni, na kutoka ndani ya bahasha akavuta utepe mrefu wa filamu, akauinua mbele ya taa.

Ulikuwa mweupe. Tungeweza kuona ukuta ng'ambo yake, na kalenda iliyotundikwa pale, na tarehe.

"Haikushika," alisema. "Mtu wa duka amenieleza. Ile ncha ya filamu haikuingia mahali pake. Nilikuwa nikizungusha, na ndani hakuna kinachotembea. Siku nzima."

Nilitaka kumkasirikia, na nilitafuta hiyo hasira kwa bidii, lakini nilipomtazama niliona mtu aliyetembea kutoka kituo cha basi mpaka kwetu akijifunza maneno hayo matatu au manne, nikashindwa. Mume wangu alimchukua mkono akamketisha kwenye stuli aliyoitengeneza mwenyewe.

"Kunywa chai," alimwambia. "Harusi ilikuwapo. Mke wangu huyu hapa."

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi kumweleza. Alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mgonjwa hapelekewi habari kama hiyo," alisema. "Mpelekeeni picha."

"Ipi, shangazi?"

"Kwani yule mzee wa River Road amekufa?"

Basi ikatubidi kuvaa harusi tena. Gauni lilikuwa limeshakwenda Waithaka kwa bibi harusi mwingine, msichana mwenye mwili mkubwa, na mishono yote ya pembeni ilikuwa imefunguliwa. Alituazima kwa siku moja, kwa sharti lisirudi na doa. Rafiki yetu alisisitiza kulibeba mwenyewe. Alilikunja ndani ya shuka, akalipakata kwenye basi hadi mjini kama mtoto aliyelala.

Nililivaa nyuma ya pazia la studio. Lilinizunguka mara mbili. Yule mzee wa Kihindi alinitazama, akaingia chumba cha ndani, akarudi na vibanio vya kuanikia nguo. Alilikusanya gauni mgongoni kwangu akalibana kwa vibanio sita au saba.

"Wewe usigeuke tu," alisema.

Alitusimamisha mbele ya pazia lililochorwa ngazi za mawe na chemchemi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Akarekebisha taa. Akamwinua mume wangu kidevu. Akarudi kwenye kamera yake, akatazama, akainua kichwa.

"Mbona bibi harusi ana sura ya mtu aliye mahakamani?"

Ni kweli nilijiona kama niko mahakamani. Nilikuwa mwanamke wa wiki ya nne katika ndoa, nimeshapika, nimeshafua, nimeshagombana na mume wangu mara moja kuhusu chumvi, na hapa nimesimama najifanya nimetoka kanisani ili nimdanganye mama yangu aliyevunjika mguu.

Mzee akauliza harusi yenyewe ilikuwaje. Mume wangu akamwonyesha rafiki yetu kwa kidevu. "Muulize mpiga picha."

Na yule rafiki, ambaye tangu ile jioni ya utepe mweupe hakuwa amecheka, akaanza kueleza. Mwanzoni alisimama tu. Halafu, ili mzee aelewe, akapiga magoti. Akapanda juu ya kiti. Akalala kifudifudi kwenye sakafu ya studio na kamera ya hewa mkononi, akimwamuru pasta arudie pete, akiisukuma kofia ya shangazi. "Na ndani," alisema akiwa pale chini, akizungusha kidole, "hakuna kinachotembea."

Mume wangu ndiye aliyeanza. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Nilimgeukia, kibanio kimoja kikafyatuka na kuruka, nami nikashindwa kujizuia. Taa ikawaka. Tulipotulia, mzee alikuwa ameshafunika kamera yake.

"Tayari," alisema. "Ya pili haitaishinda hii."

Alisema kweli. Ninayo hadi leo. Wakati ule watu walisimama kwenye picha kama wanaosubiri kuhukumiwa, na sisi wawili tumefungua vinywa mpaka magego yanaonekana, mimi nimeelekeza uso kwake na mkono wangu uko kifuani pake.

Mama aliipokea, akamtuma kaka yangu alete jibu. "Mama anasema mume wako ni mzuri na meno yake ni mazuri," alisema kaka, akitazama chini. "Lakini anauliza, bibi harusi gani anacheka hivyo siku ya kuacha kwao? Majirani wameona, wakanyamaza. Ikabidi awaambie kwamba hiyo ni ya pili. Kwamba ile ya kwanza, unayolia, imebaki kanisani."

Desemba tulikwenda nyumbani. Mama alikuwa akitembea kwa fimbo. Picha haikuwa ukutani pamoja na nyingine. Ilikuwa ndani ya kabati, na kila aliyeonyeshwa alionyeshwa pamoja na maelezo yake ya ile nyingine. Siku ya tatu, asubuhi, tukimenya maharagwe nje wawili tu, nilimwambia yote. Utepe, Waithaka, vibanio.

"Kwa hiyo ulilia kweli?" aliuliza mama.

"Nililia, mama. Sana."

"Na shangazi yako alivaa nini?"

Nikamwambia kofia, unyoya, na matope. Akauliza nani alisimama upande wangu wa kulia. Akauliza wapishi walikuwa wangapi, na kama wakwe walivaa viatu vizuri, na pasta alifanya uso gani alipoambiwa arudie pete. Nilimjibu kila kitu mpaka maganda yakajaa kwenye ungo. Hakunilaumu. Tangu siku hiyo ile picha ya kwanza, aliyokuwa akiitaja juu juu tu, akawa anaisimulia, mtu mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto kwenda kulia.

Aliwasimulia majirani, kisha wanangu walipozaliwa na kukua, akawasimulia wao. Rafiki yetu hakugusa kamera tena maishani, lakini kwenye picha ya mama alikuwamo pia, kwenye ukingo, amelala kwenye nyasi. Sikuwahi kumwuliza mama ni nani basi aliyekuwa ameshika kamera.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya sabini, tukirudi Nairobi baada ya likizo, binti yangu wa kwanza aliniuliza kama siku moja tungeweza kupita kanisani Mutuini kuichukua ile picha ya nyanya. Alikuwa na umri wa kutosha kuambiwa ukweli. Nilimtazama baba yake, naye akatazama dirishani.

Nikamwambia kwamba pasta aliyekuwa nayo amehamishwa.