Pikapu ya Arlys Haiuzwi

Arlys Bornholdt alirudishwa nyumbani mwisho wa mwezi wa pili, baada ya miezi mitano ya kulala hospitali, na kitu cha kwanza alichokiona uani kwake ni gari lisilokuwa lake. Lilikuwa gari jeupe la familia, fupi, tumbo lake karibu liguse theluji, na utepe mwekundu umefungwa kwenye kioo cha pembeni. Mahali hapo hapo, chini ya pipa kubwa la chuma la chakula cha ng'ombe lililosimama juu ya miguu mirefu, pikapu yake ilikuwa ikilala kwa miaka kumi na mmoja. Sasa haikuwapo.

"Iko wapi?" aliuliza.

Orval, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyemleta. Alikuwa ameinama anakunjua kiti cha magurudumu. "Karibu nyumbani, shemeji. Usihangaike na chochote. Tumeshapanga yote."

"Nimeuliza pikapu yangu iko wapi."

"Iko kwangu, inatunzwa. Mwezi wa nne tunaipeleka mnadani. Hilo hapo ndilo gari lako sasa. Lina ubao wa kukupandisha na kiti chako, na mafuta na breki ni vya mkono. Watu wote wamechanga."

Arlys alilitazama gari lile, akautazama utepe, na hasira ikampanda kutoka pale mwili wake ulipokuwa bado na hisia, yaani kiunoni kwenda juu. Chini ya hapo hakukuwa na kitu. Mwezi wa tisa ng'ombe jike mwenye kilo mia sita alimbana kwenye nguzo za zizi wakati wa kuwapima mimba, mgongo ukavunjika. Hakuna aliyemlaumu ng'ombe, wala Arlys mwenyewe hakumlaumu.

Ni lazima niseme jambo kuhusu watu wa vilima vya mchanga vya Nebraska, maana bila hilo mtu atamwona Arlys hana shukrani. Kule jirani wa karibu yuko maili saba. Mtu akiumia, wote wanakuja. Walikuja kwa Arlys pia. Walilisha ng'ombe wake mia mbili na arobaini wakati wote wa baridi, wakawatenga ndama, wakawasafirisha sokoni, na kila siku mtu mwingine akashika zamu. Wakaandaa chakula cha jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, mchuzi wa maharage na nyama pamoja na mikate ya mdalasini, wakachangishana gari. Yote hayo bila kumuuliza hata neno moja. Kule hawaulizi. Kumuuliza mtu "una shida gani?" ni kumfanya ombaomba mbele ya macho yako, kwa hiyo unafika tu na koleo lako unaanza kazi. Na mwenye shida naye hakatai. Anasema asante, anapika kahawa.

Arlys hakupika kahawa. "Niambie, Orval. Gari hilo litafikaje kwenye malisho ya nyuma? Maili nne za mchanga na theluji. Litazama kabla halijapita ghala."

Orval alikohoa. Alikuwa mwanamume mpole wa miaka hamsini na tisa, mwenye masikio makubwa, na alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Ndiyo hivyo shemeji. Tumefikiri huhitaji kufika huko tena. Mimi nitaikodi ardhi. Kuna nyumba ndogo mjini karibu na kanisa, haina ngazi."

Basi. Asiyekuwapo na lake halipo. Mwanamke alikuwa bado anafundishwa kujigeuza kitandani, na huku nyuma watu wa kanisani kwake wamekwishamtoa kwenye ardhi aliyoilima na mumewe Lyle kwa miaka thelathini na minne. Bila pikapu hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe ardhi ingekuwa ya Orval kabla nyasi hazijaota. Wala Orval hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwizi unamshitaki. Mtu aliyekulishia ng'ombe wako kwenye baridi ya kugandisha mate utamwambia nini?

Alimwambia hivi: "Kesho asubuhi pikapu iwe hapa. Isipokuwa hapa nampigia simu sherifu, nasema imeibwa, nataja jina lako."

Ililetwa. Orval aliiegesha uani bila salamu, akasimama kando ya mlango wa dereva akapima kwa kiganja. "Kizingiti hiki kinakufika kidevuni ukiwa umekaa. Utaruka kama panzi?"

"Weka funguo mezani."

Pikapu ile ilikuwa ya tani moja, magurudumu yote manne yakivuta, imeinuliwa juu ili isikwame kwenye theluji, na nyuma ina sanduku la chuma linalomwaga tembe za chakula cha ng'ombe kwa swichi iliyo ndani. Mwenye kuketi ndani yake anaweza kulisha kundi zima bila kukanyaga chini. Tatizo lilikuwa kuketi tu.

Arlys akaandika kwenye ofisi inayosaidia madereva walemavu. Jibu likaja baada ya wiki mbili, limechapwa vizuri. Gari lenye kimo hicho halimfai mtu wa hali yake. Anashauriwa kutumia gari fupi, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba tayari analo. Alilisoma mara mbili, akalikunja, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Ni barua ya watu waliojua kila kitu kuhusu mgongo wake na hawakujua ng'ombe anakula wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akapanda lile gari jeupe, ambalo kwenye lami, alikiri mwenyewe, lilikwenda vizuri, akaenda kwa Vencil Sedlak.

Vencil alikuwa fundi wa kuchomelea, mzee wa miaka sabini na mmoja, na mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Mashine ya kufunga majani iliula miaka kumi na sita nyuma. Alizunguka kiti cha Arlys mara moja kabla ya kusema lolote.

"Unataka kupanda pikapu."

"Nataka kuiendesha, mzee Vencil."

"Hilo najua, sijapofuka. Nauliza kupanda. Mkono gani wako una nguvu zaidi? Ukijivuta, unaegemea wapi? Unaogopa kuning'inia?"

Alimuuliza maswali saa nzima na kuyaandika majibu ukutani kwa chaki. Hakuna mtu aliyemuuliza Arlys maswali mengi hivyo tangu aumie, hata madaktari, na mwanzoni alimjibu kwa ukali kama mtu anayepekuliwa mifuko.

Kazi ilichukua wiki tatu. Vencil alichomelea nguzo ya chuma nyuma ya mlango wa dereva, akaipandishia jeki ya haidroliki aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kukatia majani, na juu yake akafunga kiti cha trekta. Kiti kilishuka nje hadi usawa wa kiti cha magurudumu. Arlys alihamia kwa mikono yake, akabonyeza swichi, akapanda juu taratibu, akateleza ndani nyuma ya usukani. Winchi ndogo ikanyanyua kiti cha magurudumu kukitia nyuma. Ndani, upande wa kushoto wa usukani, kulikuwa na fimbo: ukiivuta ni mafuta, ukiisukuma ni breki. Kwenye usukani, kitasa cha kuzungushia kwa mkono mmoja.

Mara ya kwanza jeki ilipanda kwa kasi, ikamtupa Arlys hadi kofia ikagonga paa. Mara ya pili ilikwama katikati, akaning'inia hewani dakika ishirini huku Vencil akitafuta spana.

"Unaonekana vizuri huko juu, mama," Vencil alisema. "Kama jogoo juu ya ghala."

"Nishushe nikutoe na huo mkono uliobaki."

"Ndiyo maana sina haraka."

Siku ile ile, alipokwisha kumshusha, Vencil alifuta grisi kwenye kitambaa akasema bila kumtazama, "Unawakumbuka farasi wangu?"

Arlys aliwakumbuka. Walikuwa wawili, wakubwa, wa kukokota. Vencil alipokatika mkono, watu walikaa wakaona mtu wa mkono mmoja hawezi kuwatunza, wakawauza akiwa bado hospitali. Ni Arlys aliyempata mnunuzi. Ni Arlys aliyewapeleka, kwa pikapu iliyotangulia hii, na akarudi akijisikia ametenda jema.

"Mbona hukusema kitu?" aliuliza.

"Nilisema asante. Ulikuwa umeleta keki."

Alitaka kuomba radhi, lakini Vencil alishageuka kuwasha mashine, na mashine ile ikiwaka hamsikilizani. Arlys alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na hasira mpya, na safari hii hakuwa na wa kumtupia isipokuwa yeye mwenyewe. Haikupunguza ile aliyokuwa nayo kwa Orval. Zilikaa pamoja tu.

Kwa wiki mbili walifanya majaribio. Arlys akiendesha na Vencil kando yake, walikwenda malishoni na kurudi, wakalisha, wakahesabu ndama waliozaliwa. Vencil aliteremka pale pa kuteremka na kupanda pale pa kupanda. Mwishowe akasema hana la kuongeza, akabeba vifaa vyake akaenda zake. Orval naye alikuwa ametoa neno lake: mwanamke akimaliza wiki moja akilisha peke yake, yeye hatasema tena habari za kukodi. Akishindwa, waende wakazungumze na mwanasheria. Arlys akasema sawa.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nne alipanda peke yake. Dakika kumi na moja, kiti na winchi vyote. Akajaza sanduku chini ya pipa, akavuta fimbo, pikapu ikatoka uani ikinguruma. Upepo ulikuwa wa kaskazini na theluji ilikuwa inaanza kudondoka kwa ubavu. Kwa muda wa maili mbili nzima alikuwa na furaha, na mimi namwonea raha nikiisimulia.

Kisha akafika kwenye geti, akasimama.

Kule dereva hafungui geti. Anayekaa kando ndiye anayeteremka, awe mke, mgeni au mchungaji wa kanisa, na hakuna anayelifikiria, kama vile hakuna anayefikiria kupumua. Kwa wiki mbili Vencil ameteremka, amelikumbatia geti kwa mkono wake mmoja, amelifungua, amelifunga, amepanda, na hata siku moja yeye wala Arlys hawakusema, je, siku akiwa peke yake? Walipima kizingiti, walipima kiti, walipima urefu wa mkono wa Arlys hadi kwenye swichi. Geti hawakulipima.

Na halikuwa geti la bawaba. Zilikuwa seng'enge nne zilizofungwa kwenye vijiti, zimekazwa hadi zinalia, na kulifungua ni lazima usukume nguzo kwa bega na miguu yako yote ili kitanzi kitoke. Kiti cha magurudumu kingezama mchangani hatua mbili tu. Upande wa pili ng'ombe walikuwa wameisikia pikapu. Walikuja mbio, wakajipanga kwenye seng'enge, wakaanza kulia. Ndama wadogo walitetemeka nyuma ya mama zao, na theluji iliendelea kudondoka.

Arlys alifikiria kuligonga kwa bampa. Hilo ni jambo ambalo angemzaba mtu kofi kwa kulitaja tu, maana geti likivunjika kundi zima linatawanyika.

Nyuma yake mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Orval alikuwa amemfuata tangu barabarani, taa zimezimwa. Alipita kando ya pikapu bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye geti, akaweka bega.

Arlys akabonyeza honi, hakuachia mpaka Orval alipogeuka. Akashusha kioo.

"Toa bega lako hapo."

"Ng'ombe wana njaa, shemeji."

"Ni wangu. Nimesema toa. Nani kakuita? Umenichukulia gari, umenipangia nyumba, sasa umenivizia njia nzima uje unione nikishindwa."

"Nilikuja nikifikiri utakwama."

"Ulifikiri! Kila siku unafikiri. Hata mara moja hujaniuliza."

Orval alitoa bega. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi, na Arlys akaona kwamba naye amekasirika, pengine tangu mwezi wa tisa. Alikuja hadi mlangoni, akasimama chini kabisa huko, uso ameuinua.

"Ningekuuliza, ungejibu?"

Arlys aligeuza macho kwenye geti.

"Haya. Nakuuliza sasa, mimi Orval, na mikono iko mfukoni. Unataka nini?"

Kwa miezi saba Arlys alikuwa anasubiri mtu wa nyumbani amuulize hivyo, na sasa kujibu kulikuwa kugumu kuliko kusubiri. Akajua kwa nini watu wake hawaulizi. Anayeuliza anasema neno moja tu, halafu mzigo wote unabaki kwa anayejibu. Aliishika fimbo ya breki kwa nguvu, akatazama mbele, akawatazama ng'ombe.

"Siwezi kufungua geti," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kulisema neno "siwezi" mbele ya mtu wa ukoo ule. "Hili, na mengine matatu. Nataka yang'olewe. Pachimbwe shimo na palazwe mabomba ya chuma yaliyoachana juu yake, nipite na gari na ng'ombe waogope kuvuka. Na nataka mje mnisaidie kufanya hivyo. Siwezi kuchimba."

Orval aligeuka akalitazama geti. Theluji ilikuwa inamjaa kofiani.

"Ya mwanasheria tuyaache. Tuanze na lipi?" aliuliza.

"Hili," Arlys alisema. "Lifungue kwanza niwalishe. Na usinitazame."