Kesi ya Nyimbo na Lori

Baba yangu mdogo alipoambiwa kwamba nimechaguliwa kwenda kusoma sheria nchi za nje kwa muhula mmoja, alinunua kuku wawili. Alipoambiwa kwamba nje yenyewe ni Kampala, alichinja mmoja.

"Nje gani hiyo mtu anakwenda kwa basi?" aliuliza.

Wenzangu waliofaulu vizuri zaidi walikuwa wamepelekwa Ulaya. Mimi niliyewafuata nikapewa Uganda, chini ya mpango wa vyuo wa kudumisha udugu wa Afrika Mashariki. Udugu huo ulinikalisha mpakani tangu asubuhi hadi jua linazama, ofisa wa uhamiaji akitafuta muhuri ambao alikuwa ameukalia.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nikijua sheria kidogo na kujivuna sana. Cha kujivunia kuliko vyote kilikuwa Kiswahili changu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilijiona ninawapelekea majirani zawadi waliyokuwa wakiisubiri kwa hamu. Asubuhi ya kwanza chuoni nikamwamkia mama wa masijala kwa heshima zote: "Shikamoo, mama." Yule mama akatazama nyuma yake, kisha akauvuta mkoba wake uliokuwa mezani na kuuweka mapajani.

Msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa wa darasa letu, mzaliwa wa Kampala, na Kiswahili alikijua kwa sababu mama yake aliwauzia Wakongo vitenge. Ndiye aliyekuja kuwa rafiki yangu, ingawa siku hiyo nilitamani aanguke.

"Hapa Kiswahili tunakisikia kwa watu wawili," aliniambia. "Mtu wa kukushika na mtu wa kukuibia. Na siku zingine ni mtu mmoja."

Nikamkumbusha kwamba majeshi kutoka kwetu ndiyo yaliyokuja kumng'oa dikteta wao. Nilidhani nimetupa karata ya mwisho.

"Ndiyo, walitukomboa," alisema. "Na redio ya baba wakaikomboa pia."

Masomo yenyewe yalikuwa yaleyale niliyoyaacha Dar es Salaam. Profesa wa sheria ya madhara aliingia na makaratasi yaliyogeuka rangi ya chai, akayasoma, tukaandika, akatoka. Kesi zote zilikuwa za Waingereza waliokwisha kufa. Yule mwanamke wa Uskoti aliyekuta konokono kwenye chupa ya kinywaji, ambaye niliagana naye mwaka wa kwanza, alikuwa amenitangulia Kampala na kunishikia nafasi. Mara moja nilinyoosha mkono nikauliza kama hapakuwa na Mganda yeyote aliyewahi kukuta kitu kwenye chupa. Profesa alinitazama kwa huruma. "Wapo wengi," alisema, "lakini hao walikunywa tu."

Bwenini hapakuwa na nafasi, kwa hiyo nilipanga chumba kwa mama mmoja Mkenya, katika jengo la ghorofa mbili kando ya Bugolobi, upande wa kuelekea viwandani. Mama huyu aliuza mabati na misumari mjini. Alikuwa mjane, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, na kila Jumanne na Ijumaa jioni kikundi chake cha maombi kilikusanyika sebuleni. Walikuwa na ngoma mbili na kinanda cha betri. Walipofika mahali pa kumkanyaga shetani, walimkanyaga kwelikweli, kwa viatu.

Shetani huyo aliishi ghorofa ya chini. Alikuwa mzee Mnubi, wa ukoo wa askari waliotoka Sudani enzi za mkoloni, haji, mwenye malori mawili ya kubeba mchanga, ambaye alilala mara tu baada ya swala ya isha. Walipomkanyagia dari Ijumaa, Jumamosi alfajiri aliporudi msikitini aliwasha lori moja chini ya dirisha la mama, akaliacha lingurume, akaingia ndani kunywa chai.

Wote wawili walinipenda. Mzee alifurahi kusikia mtu akiongea Kiswahili bila kukiogopa. Aliniita binti, na nikipita mlangoni kwake hakuniacha niende bila kipande cha mkate. Na kila mmoja alinishitakia mwenzake.

"Sikiza," mama aliniambia jikoni. "Wewe si unasoma sheria? Huyo mzee anawasha lori na haendi mahali! Anawasha tu. Ni ya nini, kama si kunitesa?"

Nikamweleza kwamba kisheria hiyo inaitwa kero, na kwamba mtu ana haki ya kuishi kwake kwa utulivu.

"Kumbe iko kwa sheria!" alisema, akaacha kusonga ugali.

Siku hiyohiyo, au kesho yake, mzee aliniambia, "Binti, mimi nimezoea makelele. Nimekulia kambini. Lakini hawa wa juu, Mungu wao ni kiziwi?"

Nikamweleza na yeye kwamba kisheria hiyo inaitwa kero. Sikuona ubaya wowote. Mwanafunzi wa udaktari naye humpima kila anayekohoa.

Haikupita wiki, wote wawili wakawa wamekwenda kwa mwenyekiti. Huko kila zoni ina baraza lake la mtaa, linaloamua magomvi madogo kabla hayajawa makubwa, na mkuu wa baraza huitwa cheyamani. Wa kwetu alikuwa na baa, na baraza lilikaa kwenye veranda ya baa hiyo Jumapili mchana, ili wajumbe wasiteseke kwa kiu. Mama alifika moja kwa moja kutoka kanisani, na kofia yake. Mzee alikuja na kanzu nyeupe na fimbo. Rafiki yangu wa darasani alikuja kwa sababu, alivyosema mwenyewe, burudani ya bure haiachwi. Mimi nilivaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi.

"Nani wakiri?" aliuliza cheyamani, akimaanisha wakili; kinywani mwake l na r zilibadilishana kazi.

"Huyu hapa," alisema mama, akinionyesha.

"Huyu hapa," alisema mzee, akinionyesha.

Wakatazamana. Halafu wakanitazama mimi. Mjumbe wa wanawake, aliyekuwa akimenya karanga, alisitisha mkono.

"Ulisema kelele yake ni kero," mama alinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani.

"Aliniambia mimi hivyo," alisema mzee.

Cheyamani alicheka mpaka akashika meza. "Washitaki wawiri, wakiri mumoja! Hii ndiyo ile Ujamaa yenu!"

Kikazuka kwanza kikwazo cha lugha. Cheyamani alitaka Kiganda. Mama hakukijua zaidi ya kuuzia misumari. Mzee alinyamaza tu. Mimi nikapendekeza Kiswahili, lugha ya Waafrika wote wa Mashariki.

"Mimi hapana penda hii Kiswahiri," cheyamani alisema. "Hii rugha ya bunduki. Lakini sema."

Nikasimama. Kwa kuwa nilikuwa wakili wa pande zote mbili, nilionelea nijenge hoja itakayowafaa wote: wajibu wa mtu kwa jirani yake. Na kwa kuwa jirani katika sheria alizaliwa na kesi ya ile chupa ya Uskoti, nilianza na konokono. Nilieleza kinywaji, nikaeleza chupa isiyopenyeka kwa macho, nikaeleza ugonjwa wa yule mwanamke. Nilipanda, nikashuka, nikatumia Kilatini mahali ambapo Kiswahili kingetosha. Wajumbe walisikiliza kwa makini kuliko darasa langu lilivyowahi kumsikiliza profesa. Nilipomaliza, cheyamani alifikiri.

"Hii konokono," alisema, "iko zoni gani?"

"Ni ya Uskoti, mheshimiwa."

"Hapana zoni yetu," alitangaza, na katibu akalifuta alilokuwa ameandika. "Kaa chini."

Nikakaa. Rafiki yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika.

Mama alijieleza mwenyewe, mzee naye akajieleza mwenyewe, na kwa kweli walijieleza vizuri. Mama alisema hawezi kumsifu Mungu kwa kunong'ona kama mtu anayemsengenya. Mzee alisema lori la dizeli lazima lipate joto. Mama akauliza, mbona linapata baridi kila baada ya Ijumaa? Wajumbe wakacheka. Mjumbe wa wanawake alitaka kujua kama kikundi hakiwezi kuimba bila kukanyaga. Ilikuwa inaelekea pazuri. Naamini tungetoka pale tumepatana, lakini cheyamani alikuwa na wateja wanaomsubiri, akaamua kufupisha.

"Kesi imeisha," alisema. "Nyinyi wageni watatu, mumoja wa Kenya, mumoja wa Sudani, mumoja wa Tanzania, munaletea sisi kerere. Kama hamutaki kukaa na watu, ludini kwenu."

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amekaa. Akasimama taratibu kwa msaada wa fimbo, akaanza kusema. Hakusema Kiswahili. Alisema Kiganda, kirefu, cha polepole, chenye adabu, na kadiri kilivyozidi kuwa na adabu ndivyo uso wa cheyamani ulivyozidi kubadilika. Mjumbe wa wanawake aliweka sahani ya karanga chini.

"Anasema nini?" mama aliniuliza.

Sikujua. Nilikuwa wakili wake na sikujua. Rafiki yangu alikuwa amekiondoa kitambaa usoni. Akainama katikati yetu.

"Anasema babu yake amezikwa Bombo, hapahapa Uganda," alinong'ona. "Baba yake amezikwa Bombo. Yeye mwenyewe alizaliwa pale Nsambya, hospitalini, mikononi mwa masista. Anauliza, huko kwao anakoambiwa arudi, ataonyeshwa kaburi la nani?" Akasikiliza tena, na midomo ikaanza kumcheza. "Sasa anasema anakumbuka siku cheyamani alipohamia hapa, baada ya vita. Alikuja na godoro na kabati lisilo na milango. Anakumbuka, kwa sababu lori lililombeba lilikuwa lake."

Mteja mmoja ndani ya baa alipiga makofi, akanyamazishwa.

Mama akasimama, akainyoosha kofia yake. "Mimi nilikuja kushitaki lori," alisema kwa Kiswahili, kila neno likisikika. "Sikuja kushitaki mtu kwa kuzaliwa. Kesi yangu naifuta."

"Na yangu," alisema mzee.

Nami nikasimama, maana wateja wangu wote wawili walikuwa wamesimama.

Cheyamani aliinamiana na wajumbe wake. Hukumu ilikuwa kwamba tumelipotezea baraza muda, na kwa hiyo kila mshitaki alete kreti ya soda kwa ajili ya kamati, inunuliwe palepale baa. Wakili naye alete yake, kwa ajili ya konokono. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amewatukana watu watatu na kuwauzia kreti tatu za soda kwa mpigo mmoja, na katika maisha yangu ya uwakili yaliyofuata nimeona mahakama za juu zikifanya vibaya zaidi.

Ningependa kusema kwamba siku ile iliwapatanisha. Walirudi nyumbani njia nzima wakimsema cheyamani, mzee akamshikia mama mkoba wa Biblia wakipanda ngazi, na Jumanne ikapita kimya. Ijumaa kikundi kiliimba. Kulikuwa na jambo jipya: katikati ya maombi walimwombea mzee, kwa jina na kwa sauti, ili asikie. Kesho yake alinisimamisha mlangoni.

"Mwambie mama nimeshukuru kwa dua," alisema. "Lakini Mungu ananijua tangu zamani. Hahitaji kupigiwa kelele ndipo anikumbuke."

Nilipofikisha salamu, mama aliguna. "Mwambie akizima lori tutamwombea kimyakimya."

Na lori liliendelea kunguruma, ila sasa mzee alilisogeza hatua chache, likawa chini ya dirisha langu.

Kuelekea mwisho wa muhula profesa aliniomba niliambie darasa kidogo juu ya niliyojifunza kama mgeni. Nikasimulia kesi yetu. Darasa lilicheka panapochekesha, na niliposimulia maneno ya cheyamani kuhusu wageni, wengine waliendelea kucheka. Rafiki yangu hakucheka. Profesa alikunja makaratasi yake. "Kisa kizuri," alisema, "ila tukumbuke kwamba baraza la mtaa si mahali pa kujifunzia sheria." Kisha akatusomea kesi ya bwawa la maji la Lancashire, nami nikaandika.

Mtihani niliufaulu vizuri. Nilirudi Dar es Salaam na cheti chenye mihuri miwili na saini ya profesa, nikakipeleka kwa msajili, bwana mmoja aliyekuwa akila embe kwa kijiti. Alikisoma mbele na nyuma.

"Hizi alama hatuwezi kuzipokea," alisema. "Ulisoma sheria ya Uganda."

"Ni ileile ya Waingereza, mzee. Kesi zilezile. Hata vitabu ni vilevile."

"Na ule mpango wa udugu?" aliuliza.

"Ndio ulionipeleka."

"Mpango ulikuwa wa kukupeleka," alisema kwa upole. "Haukusema chochote juu ya kukupokea." Akanirudishia cheti, akakifuta kwanza tone la embe kwa kiwiko. "Utarudia muhula. Na kama kweli ni sheria ileile, binti yangu, basi haitakupa shida kuisoma tena."