Mkono wa Kushoto wa Gudveig

Jumanne, tarehe 9 Julai. Mvua imekatika alfajiri, nyuzi joto ni saba, na ukungu bado haujaondoka mtoni.

Kwenye gati la mbao la nyumba ya wavuvi ya Raggejohka, kaskazini ya mbali, Gudveig Hætta anapakia boti: birika la kahawa, mkate, jibini, fimbo mbili za kuvulia, na kijisanduku cha ndoano alizozifunga manyoya mwenyewe, kila moja ikifanana na mdudu wa mto huu.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo amewaongoza wageni wanaokuja kuvua trauti, samaki wa mto wasiofugwa. Leo anarudi kazini kwa mara ya kwanza tangu alipopasuliwa bega la kulia, na mkono huo haupandi tena juu ya kifua.

Binamu yake Klemet, mwenye nyumba, amemwambia wazi: kama hawezi kumwonyesha mgeni jinsi mshipi unavyorushwa, mto atapewa mwongozaji mwingine, naye atahamia jikoni.

"Jikoni?" anauliza Tormod, mpishi, aliyeleta mkate, akimgeukia Klemet aliyesimama barazani. "Klemet, tumekukosea nini? Huyu aliunguza uji."

"Uliungua upande mmoja tu," Gudveig anajibu.

Mgeni wa leo ni Wiebe, dereva wa basi mstaafu kutoka Uholanzi. Anapanda botini, anakaa, na kwa moyo mweupe anasema, "Haya dada, nakutakia bahati njema."

Gudveig anazima injini. "Shuka."

"Nishuke?"

"Rudi gatini, upande upya. Huku hatutakiani mema kabla ya kuvua. Unaiharibu siku. Tormod, mwambie inavyosemwa."

"Kavue takataka, bwana Wiebe," anasema Tormod kwa upole, Wiebe akipanda upya.

"Asante," anajibu Wiebe.

"Na asante hatujibu. Shuka tena."

Wiebe anashuka mara ya pili. Barazani, Klemet anageukia ukutani ili asionekane akicheka.

Huko mtoni, upande wa juu, mambo ni magumu. Mshipi wa Wiebe unaanguka majini kama lundo la tambi. Gudveig anasimama kando yake, maji yakimfika mapajani, na kuchukua fimbo kwa mkono wa kushoto.

Mkono huu ameufundisha majira yote ya baridi. Kila jioni, akitoka kwenye nyumba ya sala, alisimama uani na kurusha mshipi juu ya theluji, akiwa amefunga fundo la sufu mahali pa ndoano. "Majirani walisema navua theluji," anasimulia. "Sikumwomba Mungu bega lipone. Nilimwomba nisiwe mtu mchungu. Hayo mengine nilimwachia."

Anarusha. Ndoano inanasa kwenye mti nyuma yao.

"Vizuri," anasema Wiebe. "Umepata mti."

"Na wewe ulinasa kofia yako mwenyewe. Tunywe kahawa."

Wanaketi juu ya jiwe. Gudveig anatumbukiza vipande vya jibini katika vikombe vya kahawa, kama ilivyo desturi ya huku, halafu anaona kitu. Wiebe ameshika kisu kwa mkono wa kushoto, na anakata mkate bila hata kuutazama.

"Wewe ni wa kushoto."

"Nilikuwa. Shuleni waliufunga mkono wangu kwenye kiti. Tangu hapo kalamu na kila chombo nashika kwa kulia."

"Na kisu?"

Wiebe anautazama mkono wake. "Kisu nilijifunza nyumbani, kwa mama."

Gudveig anampa fimbo katika mkono ule ule uliokuwa na kisu. Wanarudi majini, wanafunzi wawili wa uzeeni, bega kwa bega. Anamwonyesha polepole: nyuma, subiri mshipi unyooke, mbele. Anakosea, anacheka, anarudia.

"Kwa mkono wa kulia nisingeweza kukueleza," anamwambia. "Ulijua wenyewe. Huu bado nauambia kila kitu."

Mshipi wa Wiebe unanyooka, kisha unatua bila kelele. Maji yanavimba kidogo, fimbo inapinda, na trauti mwenye madoa mekundu anakimbia kuelekea mto unakotelemkia.

Kumleta karibu kunachukua muda. Gudveig anaitoa ndoano, isiyo na kijino cha kumng'ang'ania samaki, anamshika samaki ndani ya maji mpaka apate nguvu, kisha anamwachia; hapa trauti hurudishwa mtoni. Wiebe anafuta uso kwa mkono wa kushoto.

Jioni, baada ya sala ya chakula, Wiebe anasimulia yote mezani, pamoja na ule mti. Gudveig anaongeza kwamba kufikia Septemba anataka kurusha mshipi kwa kushoto hadi ng'ambo, pale mto unapopanuka kuliko kote.

"Klemet," anasema Tormod, "sema sasa, wote tukisikia. Mimi nina jiko la kulinda."

Klemet anaweka uma chini. "Haya. Mto ni wa Gudveig, kwa mkono wowote atakaopenda, mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha."

Gudveig anafungua kinywa.

"Usiseme asante, dada," Wiebe anamwahi. "Utaharibu."

Gudveig anakifunga. Anawatazama wote, kisha anamgeukia mpishi.

"Basi na mimi naahidi mbele yenu, Tormod. Jikoni kwako siingii, hata kuchemsha maji."