Ubeti wa Nne

Juzi jirani yangu alikata mjakaranda uliokuwa ukisukuma ukuta wake, na harufu ya vumbi la mti ule ikaingia sebuleni kwangu bila kubisha hodi: utamu mkavu, wenye uchungu kidogo kwa mbali, kama majani ya chai yaliyosahaulika mkebeni. Mara nikawa mtaani kwetu Shauri Moyo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, umri wangu miaka tisa, nimepiga magoti barazani na kipande cha msasa mkononi.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mchele na pumba. Kuhusu mimbari ya kanisa letu la Makadara nimesikia mengi. Wapo wasemao kwamba mti wake ulianguka wenyewe siku isiyo na upepo. Wapo waapao kwamba baba yangu aliichonga akiwa amefunga siku saba. Mti niliukuta umeshapasuliwa mbao, kwa hiyo sijui ulivyoanguka. Na kuhusu kufunga, nilimwona baba akila githeri, mahindi kwa maharagwe, kila jioni ya wiki ile, tena akiongeza. Nitakayowaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu.

Baba alikuwa mchongaji, kama wanaume wengi waliotoka kwetu Ukambani. Mchana kutwa alichonga twiga na vifaru, na wanyama hao wakafungwa kwa magazeti wakaenda ng'ambo, kwa watu ambao hakupata kuwaona. Mimbari ilikuwa kazi yake ya kwanza ambayo yeye mwenyewe angeiona ikitumika, Jumapili baada ya Jumapili. Aliitaka iwe kama mwana-kondoo wa sadaka, isiyo na dosari hata moja. Alizoea kusema kwamba tezo ikiteleza kwa twiga, twiga hufanywa swala. Lakini mimbari haina pa kujificha.

Nyumbani kwetu kazi haikupimwa kwa saa. Ilipimwa kwa nyimbo. Mama, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo wa beti tano kwa ajili ya mimbari hiyo, naye baba akatoa amri: kila jioni, kila ubavu usuguliwe kwa wimbo mzima, mkono uende na kurudi kwa mdundo wake. Dada yangu Mueni, kifungua mimba, alipewa ubavu wa kulia. Mimi nikapewa wa kushoto. Saa hizo baba alikuwa bado karakanani akichonga ubao wa mbele, na mama mazoezini na kwaya. Hapakuwa na msikilizaji ila Mungu na Mueni.

Ubeti wa nne ulikuwa mrefu kuliko yote, na ulipanda juu mahali ambapo koo langu lilikwaruza. Tena ulifika wakati uleule ambapo wavulana wa mtaa walikuwa wakigawana timu za mpira. Jioni ya kwanza niliuruka. Nilitoka wa tatu nikaingia wa tano, nikakung'uta vumbi, nikakimbilia uwanjani. Mbingu hazikuanguka. Nikauruka jioni ya pili, na ya tatu, hata zikatimia sita.

"Wimbo wako umetolewa ubavu kama Adamu," Mueni aliniambia bila kuinua kichwa. Nilimjibu kwamba kila mtu asugue wake.

Jumapili ya kuiweka wakfu tuliipakia mimbari kwenye mkokoteni, tukaifunika shuka nyeupe, tukashika Barabara ya Jogoo. Kwaya ilitufuata kwa ngoma na kayamba. Vijana waliokuwa wameketi mbele ya duka lililofungwa walitutazama kwa mshangao, na mmoja wao akamsalimu baba kwa lugha ya mtaani, "Niaje buda, mnahama ama mnazika?"

"Tunapeleka kazi kwa Mwenyewe," baba akajibu bila kupunguza mwendo. Kijana yule akacheka, akainuka, akasukuma mkokoteni pamoja nasi mpaka lango la kanisa. Hilo nililiona.

Ndani, mchungaji wetu, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya kutikisa mabati, aliomba wimbo wa mama uimbwe kwanza. Mimi na Mueni tulisimama mbele, kila mmoja kando ya ubavu wake. Ukapita ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha kanisa zima likapanda wa nne, na mimi, kwa sauti yote niliyojaliwa, nikaingia wa tano peke yangu.

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama ubavu wa kushoto, akaupitishia kiganja taratibu kutoka juu. Karibu na ukingo wa chini kiganja kikakwama. Wimbo ukazimika.

Baba alibeba msasa katika mfuko wa koti jinsi wengine wanavyobeba leso. Akautoa. "Mchungaji," akasema, "kazi hii haiwezi kutolewa bado. Kuna ubeti haujaingia."

Mchungaji aliinama hata uso wake ukawa mbele ya wangu. "Mutua, umeuruka mara ngapi?"

"Sita."

Nilikuwa nimekwisha kukaza misuli nikingoja kofi. Yeye akajinyoosha. "Basi, Baba Mueni, tumebakiwa na beti sita. Mama Mueni, anzisha."

Ubeti ulianza hivi: *Pokea mti, ee Bwana, upokee na vumbi lake, pokea mkono wa fundi, upokee na uchovu wake.* Nilipiga magoti na suruali yangu ya Jumapili nikaanza kusugua. Mara ya pili ngoma ikaingia. Mara ya tatu vigelegele. Mara ya nne wazee wakaacha viti vyao, na sakafu ikatetemeka chini ya magoti yangu. Mueni alikuja kuushika ubao usicheze, akiniimbia sikioni neno kwa neno, kana kwamba mimi ni mgeni wa lugha. Palipopanda, koo langu likakwaruza kama kawaida, wala hakuna aliyelisikia. Sauti zao zilikuwa zimelifunika. Vumbi likapanda kwenye mwanga wa dirisha, na kanisa zima likanuka mjakaranda.

Baada ya mara ya sita baba alipitisha kiganja tena. Kikateleza hadi chini. Akakiweka kiganja hichohicho, na vumbi lake, juu ya kichwa changu, akaanzisha ubeti wa tano.

Utotoni nilidhani wimbo ulikuwa saa, na saa mtu aweza kuisogeza mbele. Nilipopata kazi yangu mwenyewe, isiyo na wa kuikagua, ndipo nilipofahamu kwamba kwa baba kusugua ndiko kulikokuwa kuimba, na aliyeruka ubeti alikuwa ameipunja sadaka yenyewe.

Husemwa kwamba siku ile tuliimba hata alasiri, na kwamba mchungaji alilia. Siwezi kuthibitisha, uso wangu ulikuwa umeelekea ubao. Mueni naye hushikilia kwamba ubavu wake ndio bora, ingawa hajaupima. Mimi, nilipoingia kanisani humo mara ya mwisho, niliweka kiganja kimoja kulia na kingine kushoto, nikavishusha pamoja, polepole, mpaka ukingoni. Wa kushoto ni laini zaidi.