Suti Mbili Kwenye Video ya Mazishi

Mimi silewi, na sijawahi kukimbia kivuli. Nina diploma ya elektroniki, nimefunga runinga kwenye hoteli za Doha miaka saba, na leo naishi kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise kwa jasho langu mwenyewe. Kwa hivyo nikikwambia nilimrekebishia marehemu runinga, mchana, hapo mtaa wa Kongo, Kawangware, usianze kucheka. Nilikuwepo.

Alikuja dukani kwangu Kibera saa nane. Mtu wa makamo, kavaa suti iliyopauka, na jua lile! Akasema TV ya kwao haina weusi, kila kitu cheusi kinaonekana kijivu. Kazi hiyo huniudhi. Watu huongeza mwangaza mpaka mwisho, halafu wanalaumu kioo. Akanielekeza ploti, nikapanda boda. Nilipofika, alikuwa tayari amesimama mlangoni, mlango ukiwa wazi. Sikujiuliza alipitia wapi. Msomi naye ana upumbavu wake.

Runinga ilikuwa inacheza video ya mazishi, zile ambazo watu wa magharibi mwa Kenya huletewa Nairobi ili waliokosa kusafiri nao walie. Nikashika rimoti. Mwangaza ulikuwa juu kabisa, kama nilivyojua. Nikaushusha, picha ikafifia. Nikapandisha kontrasti, nyuso zikaungua. Kilichonikera zaidi ni kile kihisi kilicho chini ya kioo, kinachofifisha picha chumba kikiingia giza. Nilipopita mbele yake, picha ilififia. Mteja akasimama papo hapo, picha haikutikisika. Nikapita tena, ikafifia. Akapita yeye, wapi! Niamini, nilikasirika badala ya kuogopa. Nikakizima kabisa.

Nikafunga pazia. Nikasimamisha picha palipoonekana mlango wa nyumba wenye giza ndani, nikashusha mwangaza hatua moja moja mpaka giza likawa giza kweli. Nikaiacha video iendelee.

Jeneza lilikuwa wazi. Kando yake alisimama mwanamume mwenye suti nyeusi kama masizi. Lakini suti ya marehemu ilibaki kijivu.

"Hiyo ya ndani ya sanduku imepauka yenyewe," nikamwambia, najigamba. "Mimi nikishaset TV, haidanganyi."

"Na ya huyo amesimama?"

"Hiyo ni nyeusi. Tena mpya."

"Ni yangu," akasema polepole. "Nilishonewa ya harusi ya binti yangu. Nikasema nikienda, nizikwe nayo. Huyo ni mdogo wangu."

Ndipo nikautazama uso wa ndani ya jeneza. Ungefanya nini wewe? Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Nikaukimbilia mlango, nikauvuta. Ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilisikia kufuli likigonga bati, halafu ufunguo, na aliyeingia alikuwa yule aliyesimama kando ya jeneza kwenye video, sasa akiwa na ovaroli ya kazi. Akanikuta nimeshika rimoti yake ndani ya nyumba aliyoifunga asubuhi. Majirani wakajaa mlangoni. Unajua mtaani mwizi hufanywa nini. Diploma haikingi jiwe.

"Nani alikufungulia?" akauliza.

Sikuwa na uongo wa kunitosha. Nikaonyesha kioo. "Huyo amelala."

Akakitazama kioo, si mimi. Alikitazama mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Kisha akawaambia waende, huyu ni fundi, amemwita mwenyewe. Akafunga mlango.

"Fundi, umetoa brightness?"

"Nimerekebisha. Picha ilikuwa mbaya."

"Haikuwa mbaya. Niliiweka hivyo." Akakaa kitandani. "Mathe aliyetuzaa alikuwa mgonjwa, hakuona mazishi. Anakuja Jumapili kuangalia, na suti hiyo anaijua. Rudisha, tafadhali."

Nilijaribu, na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilipandisha mwangaza mpaka mwisho. Ukuta ukapauka, mti ukapauka, hata joho la mchungaji likawa kama jivu. Suti ile ya aliyesimama ikabaki nyeusi. Nikarudisha mipangilio ya kiwandani. Nyeusi. Nikachomoa umeme, nikasubiri, nikachomeka tena. Nyeusi vilevile. Mimi, niliyeaminiwa na hoteli nzima, nilishindwa na suti! Nilimwambia afute video. Akasema ameshajaribu, mara nyingi, na kila akifuta huikuta pale pale.

Siku chache baada ya Jumapili hiyo, mdogo mtu alikuja dukani na kunieleza. Mama yao aliitazama hadi mwisho bila kulia. Kisha akamwambia, "Lete hiyo suti, mwanangu." Wakasafiri nayo nyumbani usiku huohuo, wakaizika kaburini, usawa wa kifua cha marehemu, na mdogo mtu akachimba peke yake mama akiwa amesimama. Tangu siku ile mama hajazungumza naye.

Mimi nimeacha kazi za nyumbani. Ukitaka nikurekebishie weusi wa picha, beba runinga yako, uje nayo ukiwa na jua mgongoni, nione kivuli chako. Na wewe fundi mwenzangu unayenisoma, ukikuta runinga ya mtu mwangaza uko juu kabisa, usijifanye mjuaji kama mimi. Kabla ya kuushusha, muulize mwenyewe ni nini hataki kionekane.